Kuziba au kukausha: ulinganisho wa njia za kuondoa unyevu na ukungu katika nyumba za pwani

Masika yanapokaribia kwisha, maduka ya rangi ya Unguja, Tanga, Dar es Salaam na Mombasa hupata wateja wenye swali moja: ni dawa gani inayoua ukungu wa ukutani? Muuzaji hana budi kujibu kwa kutoa kopo, kwa kuwa makopo ndiyo anayouza. Hata hivyo, swali lenyewe limeanzia mahali pasipofaa. Mbegu za ukungu zimo katika hewa ya kila nyumba, na hakuna dawa itakayozimaliza. Kinachotofautisha ukuta wenye madoa meusi na ukuta usio nayo ni maji. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2009 kuhusu unyevu na ukungu majumbani, lilihusisha nyumba zenye unyevu na kikohozi, kubanwa kifua na pumu, lakini halikuweka kiwango cha ukungu kinachoweza kuitwa salama. Lilishauri unyevu wenyewe uzuiwe na uondolewe.

Kwa hiyo sikuzipanga njia zilizomo humu kwa bei wala kwa umaarufu. Nimezipima kwa kuuliza kama njia hii inayapa maji yaliyomo ukutani au chumbani nafasi ya kutoka, au inayafungia ndani. Nyingi ya bidhaa zinazouzwa kwa jina la kuzuia maji huyafungia, na ndiyo maana kuna nyumba ambazo hupakwa rangi upya kila mwaka mahali palepale.

Kwanza, maji yametoka wapi

Maji huingia katika nyumba ya pwani kwa njia kadhaa, na kila njia huacha alama yake. Yale yanayopanda kutoka ardhini huacha mstari wa mawimbi unaofuata sakafu, kwa kawaida usiozidi sana kimo cha mita moja, na karibu na mstari huo huonekana unga mweupe wa chumvi pamoja na rangi iliyovimba na kubanduka. Yanayotoka juu, kwenye bati lililotoboka, gata lililoziba au zege la paa lililopasuka, huacha doa lenye ukingo wa kahawia ambalo hukua mvua zinaponyesha na kufifia wakati wa kiangazi. Bomba linalovuja ndani ya ukuta hutoa doa lisilojali majira. Ukifunga bomba zote za nyumba na mita ya maji bado inazunguka, jibu umelipata. Inabaki hewa yenyewe, ambayo huleta madoa madogo madogo yaliyotawanyika nyuma ya kabati, kwenye pembe za dari, kwenye pazia na ndani ya viatu vya ngozi, bila ukuta kuonyesha doa la maji popote.

Ukishindwa kutofautisha maji ya ukutani na ya hewani, kata kipande cha nailoni, kibandike ukutani kwa utepe pande zote nne pasibaki upenyo, na ukiache kwa siku mbili. Umande ukionekana upande wa nailoni unaogusa ukuta, maji yamo ukutani. Ukionekana upande unaotazama chumba, maji yamo hewani. Jaribio hili halina gharama, na litakuepusha kununua kiyoyozi kwa ajili ya bomba lililopasuka au kubomoa lipu kwa ajili ya chumba ambacho madirisha yake hayafunguliwi.

Lipu ya chokaa na lipu ya saruji

Huu ndio uamuzi mzito kuliko yote, na jibu lake linategemea ukuta ulionao, si upendeleo wa fundi.

Nyumba kongwe za Mji Mkongwe wa Zanzibar, wa Lamu na wa Mombasa zimejengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa na udongo, kwa kuta zenye unene wa nusu mita au zaidi, na juu yake boriti za mikoko zilizoingizwa ndani ya kuta hizo. Jiwe la tumbawe lina vitundu vingi, na ukuta wa namna hiyo haukuwahi kuwa mkavu kabisa tangu siku ulipojengwa. Hunyonya maji ya mvua na ya ardhini wakati wa masika, kisha huyaachia polepole kupitia lipu ya chokaa wakati kaskazi inapovuma. Wajenzi wa zamani hawakuweka kizuizi cha maji kwenye msingi kwa sababu hesabu yao ilikuwa nyingine: maji yataingia, na yatatoka.

Lipu ya saruji huivunja hesabu hiyo. Kwanza, ni ngumu kuliko ukuta unaoibeba, na ukuta unapojongea kidogo kwa joto au kwa uzito, lipu hupasuka nyufa nyembamba kama unywele. Mvua inayopiga ukuta huingia kwa nyufa hizo, lakini haiwezi kutoka kwa wepesi uleule, kwa kuwa sehemu iliyobaki ya lipu haipitishi mvuke wa kutosha. Ni sawa na mtu aliyetoka kuoga akavalishwa koti la mvua kabla hajajifuta. Maji yaliyozuiwa kutoka chini hupanda juu zaidi, hata doa lililokuwa gotini likafika begani, na yakifika kwenye ncha za boriti zilizofichwa ukutani huziozesha mahali ambapo hakuna anayeziona. Mchwa nao hupenda mti wenye unyevu. Mwenye nyumba anayebandua lipu ya saruji iliyokaa miaka mingi juu ya ukuta wa matumbawe mara nyingi hukuta udongo wa ndani umekuwa tope.

Lipu ya chokaa, kwa upande wake, ina kero zake, na si haki kuzificha. Haigandi kwa saa chache kama saruji. Huwa ngumu kwa kuvuta hewa ya ukaa kutoka angani, kazi inayochukua wiki na miezi, na kila tabaka lapaswa kuwa jembamba, karibu sentimita moja, na lilindwe lisikauke ghafla kwa jua wala lisioshwe na mvua. Ni laini, kwa hiyo kona ya meza itaichubua. Inahitaji kupakwa chokaa ya maji kila baada ya mwaka mmoja au miwili. Mafundi wanaojua kuizimua na kuiacha iive kabla ya kuitumia ni wachache kuliko zamani, na aliye fundi wa saruji tu atakushauri uchanganye saruji “kidogo” ili ishike upesi. Ushauri huo usiukubali kwenye ukuta wa matumbawe. Kila kiasi cha saruji kinachoongezwa hupunguza ule upitishaji wa mvuke ambao ndio sababu ya kuchagua chokaa, na mwishowe unakuwa umelipia gharama za chokaa ukapata tabia za saruji. Kuna pia suala la chokaa inayochomwa kwa matumbawe hai yaliyong’olewa baharini: hiyo huharibu miamba ambako samaki huzaliana, na anayejali atauliza chokaa yake imetoka wapi kabla ya kuinunua.

Kwa nyumba ya matumbawe, basi, nachagua chokaa bila kusita, ndani na nje, hata kama kazi itachukua muda mrefu zaidi. Mji Mkongwe wa Zanzibar umo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000, na Lamu tangu mwaka 2001, na kazi za nje katika miji hiyo huhitaji kibali. Lakini hata kama kibali kisingehitajika, ukuta wenyewe ungetoa jibu lilelile.

Nyumba ya tofali za saruji ni habari nyingine. Hapo lipu na tofali ni za tabia moja, na hakuna sababu ya kukimbilia chokaa kwa sababu tu ni ya asili. Tatizo la nyumba hizi huwa chini au juu. Chini, kizuizi cha maji kati ya msingi na ukuta, kile ambacho mafundi hukiita DPC, ama hakikuwekwa, ama kilitobolewa na mafundi bomba, ama kimefunikwa. Kufunikwa ndiko kunakoonekana sana siku hizi: mwenye nyumba anajaza kifusi uani na kupanga vitofali vya sakafu ya nje, usawa wa ardhi unapanda hadi juu ya kizuizi, na maji ya mvua yanapata njia ya kuingia ukutani kwa ubavu. Ardhi ya nje inatakiwa iwe chini ya kizuizi hicho kwa sentimita 15 hivi, na iteremke kuelekea mbali na nyumba.

Kwa maji ya ardhini kwenye nyumba ya tofali watu huchagua kati ya njia tatu. Ya kwanza ni kubomoa lipu ya ndani hadi kimo cha mita moja na kupiga nyingine yenye dawa ya kuzuia maji. Ukuta huonekana mkavu kwa muda, kisha mstari wa unyevu hujitokeza juu ya lipu mpya. Ya pili ni kutoboa matundu kwenye mstari wa chini na kusindilia dawa ya silikoni, ambayo hufanya kazi kiasi kwenye tofali zilizopangwa sawa, lakini kwenye ukuta wa mawe yasiyo na mpangilio dawa hupotelea kwenye mapengo ya ndani. Ya tatu ni kushusha ardhi ya nje, kuhamisha bustani iliyoegemezwa ukutani, kuchimba mfereji, na kuhakikisha shimo la maji machafu halivuji kando ya msingi. Hii ya tatu ndiyo ya bei nafuu, ndiyo isiyopendwa, kwa kuwa haionekani kama ukarabati, na ndiyo ambayo ningeianza kabla ya mbili nyingine. Wapo pia wanaopachika vigae ukutani hadi usawa wa kiuno. Vigae huficha doa na kuyasukuma maji juu. Sivihesabu kuwa njia.

Chanzo kingine cha chini hakisahihishiki kwa urahisi, nacho ni mchanga wa ufukweni uliotumika kwenye tofali au lipu. Chumvi iliyomo huvuta unyevu kutoka hewani, kwa hiyo ukuta hulowa siku zenye unyevu hata kama hakuna tone lililoingia. Ukiwa ndiyo kwanza unajenga, mchanga wa mto au wa shimo utakuepusha na adha hii. Ukiwa umekwisha kujenga, hakuna rangi itakayouzuia, na lililobaki ni kubandua lipu hiyo na kupiga nyingine.

Juu, linganisha paa lenye upenu na paa lililofichwa nyuma ya ukuta, mtindo unaopendwa sasa katika ramani za kisasa. Upenu wa sentimita 60 au zaidi huizuia mvua isipige ukuta. Paa la kufichwa huuacha ukuta wazi, na gata lake limo ndani ya nyumba. Likiziba kwa majani siku ya mvua kubwa, maji hufurika kuelekea darini badala ya nje. Anayeupenda mtindo huo aujenge akijua kwamba gata litasafishwa kabla ya kila msimu wa mvua, miaka yote.

Rangi

Hapa nitapita haraka, kwa sababu rangi ni nguo ya ukuta na si tiba. Chokaa ya maji hupitisha mvuke kuliko zote, na kwa kuwa ni kali kama magadi, ukungu hauoti juu yake ingali mpya. Huacha vumbi nguoni na haisuguliki. Rangi ya maji ya kawaida isiyong’aa hupitisha mvuke kiasi cha kutosha kwa ukuta wa tofali. Rangi ya mafuta na zile zinazong’aa ni rahisi kuoshwa, kwa hiyo zinafaa jikoni na bafuni kwenye ukuta ambao ni mkavu ndani, lakini juu ya ukuta wenye maji hutoka malengelenge. Rangi yenye dawa ya ukungu inasaidia juu ya dari ya bafu, ingawa dawa hiyo huisha nguvu baada ya miaka michache. Si ya kupakwa juu ya doa linalolowa. Usilainishe kwa jipsamu ukuta wa nje wala ukuta wenye maji ya ardhini, kwa maana jipsamu ikilowa mara kwa mara hulainika na kumeguka.

Dirisha, pangaboi, kiyoyozi na mashine ya kukausha hewa

Baada ya kuta kushughulikiwa, inabaki hewa, na hapa makosa hufanywa hata katika nyumba zilizojengwa vizuri.

Hewa ya nyuzi 30 yenye unyevu wa asilimia 75, ambayo ni ya kawaida kabisa pwani, hubeba takriban gramu 23 za maji katika kila mita moja ya ujazo. Hewa ya nyuzi 20 haiwezi kubeba zaidi ya gramu 17 hivi. Hewa ile ya kwanza ikigusa kitu chenye nyuzi 25 au chini yake, huanza kudondosha umande. Ndiyo sababu sakafu ya vigae ya chini hutoka jasho asubuhi joto linapopanda kabla sakafu haijapata moto. Ukungu, tena, hausubiri umande. Unatosheka na hewa inayogusa ukuta ikiwa na unyevu wa asilimia 80 au zaidi kwa muda mrefu. Wakala wa Kulinda Mazingira wa Marekani hushauri unyevu wa ndani uwe chini ya asilimia 60. Kwa nyumba ya pwani yenye madirisha wazi kiwango hicho hakifikiki siku nyingi za mwaka, kwa hiyo ni lazima uchague mojawapo ya njia mbili, ama kuishi na hewa ya nje na kuifanya itembee, ama kuifungia nje na kuikausha iliyo ndani.

Njia ya kwanza ni ya dirisha na pangaboi. Pangaboi halipunguzi maji yaliyomo hewani hata kidogo. Linachofanya ni kuisogeza hewa iliyotuama kwenye pembe na nyuma ya samani, ili ukuta uwe na joto moja na chumba na usiachwe ukipoa na kulowa. Hutumia umeme wa wati 50 hadi 75 hivi, ambao ni sehemu ndogo sana ya ule wa kiyoyozi. Dirisha nalo lina saa zake. Alfajiri unyevu wa nje huwa juu kabisa, mara nyingi zaidi ya asilimia 90 wakati wa masika, na hushuka kadiri jua linavyopanda. Kwa hiyo kufungua kuanzia adhuhuri hadi alasiri hukausha, na kuacha kabati wazi usiku kucha “lipate hewa” hulilowesha. Madirisha ya aluminiamu ya kusukuma, yanayofunguka nusu tu na kuzibwa na wavu wa mbu, hupitisha hewa kidogo kuliko yale ya zamani yenye luva za mbao, na nyumba mpya nyingi zimesahau matundu ya hewa ya juu ukutani ambayo nyumba za zamani zilikuwa nayo. Anayeweza kuyatoboa matundu hayo, kwenye kuta mbili zinazokabiliana, atapata faida kuliko kununua pangaboi la pili.

Njia ya pili ni ya kiyoyozi, nacho kina sifa mbili zinazopingana. Kikifanya kazi sawasawa hutoa maji mengi hewani. Chumba cha mita 3 kwa 4 chenye kimo cha mita 3, kikishushwa kutoka nyuzi 30 hadi 20, hutolewa kama glasi moja ya maji kwa hewa iliyomo tu, bila kuhesabu ile inayoendelea kuingia. Lakini kiyoyozi kikubwa kuliko chumba hupoza upesi mno, kikazima kabla hakijakausha, na kuacha chumba baridi chenye unyevu. Chumba cha kulala cha mita za mraba 12 kwa kawaida kinatoshwa na mashine ya BTU 9,000 (BTU ni kipimo cha nguvu ya kupoza). Anayefunga ya 18,000 ili “isichoke” hununua ukungu pamoja na baridi. Kuiweka nyuzi 18 ni kosa lingine, kwa sababu ukuta wa upande wa pili, ule unaotazama korido au chumba cha jirani chenye hewa ya moto, hupoa nao, na hewa ya huko inayougusa hukaribia kushiba maji. Mtu hushangaa kuona ukungu kwenye korido ilhali chumba chenye kiyoyozi ni safi. Nyuzi 24 hadi 26, pamoja na pangaboi la mwendo mdogo, huleta starehe ileile bila madhara hayo.

Kibaya kuliko vyote ni kuchanganya: kiyoyozi kinawaka na dirisha limeachwa wazi kidogo, au mlango wa sebuleni haufungwi. Hapo maji mapya huingia kwa kasi kuliko yanavyotolewa, na kila kitu kilichopozwa hugeuka mahali pa umande. Chagua moja kwa kila chumba. Kama huna uhakika wa umeme au wa bili, chagua dirisha na pangaboi, uache kiyoyozi kabisa. Nyumba iliyozoea hewa ya nje huwa na ukungu mdogo kuliko nyumba inayopozwa usiku na kuachiwa mchana. Na ukikuta doa chini ya kiyoyozi chenyewe, tazama kwanza mrija wake wa kutolea maji kabla hujalaumu ukuta.

Mashine ya kukausha hewa ni ya tatu, na bado haijazoeleka sana kwetu. Hukausha bila kupoza, kwa umeme wa wati 200 hadi 400 hivi kwa zile za nyumbani, na hutoa joto kidogo chumbani, jambo linaloiondolea sifa kwenye chumba cha kulala wakati wa kaskazi. Lita zinazotajwa kwenye boksi lake kwa kawaida hupimwa kwa nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 80, hali ambayo kwa watu wa nchi za baridi ni ya kufikirika lakini kwetu ni Aprili ya kawaida, hivyo huku ahadi ya kiwandani haiko mbali na ukweli. Inahitaji chumba kilichofungwa na mtu wa kumwaga maji ya ndoo yake, au mrija unaoelekea nje. Ningeinunua kwa ajili ya stoo, chumba cha vitabu, duka la nguo, au nyumba inayofungwa kwa miezi mwenyewe akiwa safarini. Kwa sebule ambayo mlango wake haukai umefungwa ni kupoteza umeme.

Kabla ya kununua chochote kati ya hivi, punguza maji unayoyazalisha mwenyewe. Kilo moja ya gesi ya kupikia ikiungua hutoa zaidi ya kilo moja na nusu ya maji kama mvuke, achilia mbali mvuke wa wali wenyewe, na kamba ya nguo iliyofungwa chumbani wakati wa mvua huongeza lita nyingine moja au mbili. Feni ya kutolea hewa jikoni na bafuni, inayotoa nje na si darini, huondoa maji hayo kabla hayajasambaa.

Dawa za kusafishia

Ukungu uliokwisha kuota hauna budi kuondolewa, ukiwa hai au umekufa, kwa maana hata uliokufa huwasumbua wenye pumu na mzio. Kwa eneo lisilozidi mita moja ya mraba kazi hii mtu anaweza kuifanya mwenyewe, akiwa na barakoa, glavu na dirisha wazi. Eneo kubwa zaidi, au nyumba yenye mgonjwa wa kifua, ni afadhali apatikane mtu mwingine. Usiparuze ukuta mkavu kwa brashi, kwani utazirusha mbegu nyumba nzima, lowesha kwanza.

Maji ya sabuni na kitambaa ndiyo ya kuanzia, na kwa ukuta uliopakwa rangi inayooshwa mara nyingi yanatosha. Dawa ya klorini, ambayo wengi huiita jiki, ni bora kwenye vigae, vioo na sinki. Kwenye lipu na mbao haifiki mbali: maji yake huzama ndani huku klorini ikiishia juu, doa likapoteza rangi na mizizi ikabaki imenyweshwa. Weupe huo wa haraka ndio unaoipa sifa kuliko inavyostahili. Siki huingia ndani zaidi na haina ukali wa harufu ya klorini, hivyo inafaa kwenye samani za mbao, lakini ni asidi, na asidi huila chokaa. Kwenye ukuta wa chokaa au sakafu ya marumaru isiguswe kabisa. Kwa ukuta wa chokaa osha kwa maji machache, acha ukauke, kisha paka chokaa mpya, ambayo yenyewe huukataa ukungu. Haidrojeni peroksidi ya asilimia 3 ya duka la dawa ni mbadala mzuri kwa nguo nyeupe, ingawa ni ghali kwa ukuta mzima.

Onyo moja halina mjadala: jiki isichanganywe na siki, wala na dawa ya kusafishia choo, wala na kitu chenye amonia. Mchanganyiko huo hutoa gesi yenye sumu, na bafu dogo la pwani halina hewa ya kuipunguza.

Sponji ya godoro, kadibodi, na ubao wa dari wa jipsamu ulioota ukungu hadi ndani havisafishiki, vitupwe. Udi na karafuu ndani ya kabati huleta harufu njema na tunazipenda, lakini haviondoi maji. Visanduku vya chumvi ya kalisi vinavyojaa maji taratibu hufanya kazi kwenye kabati lililofungwa vizuri, si chumbani. Kulisogeza kabati sentimita 5 hadi 10 kutoka ukutani hufanya kazi kuliko vyote hivyo.

Mwenye nyumba na mpangaji

Mwenye nyumba apange kazi kwa majira. Kubandua lipu, kushusha ardhi na kurekebisha gata kufanyike vuli ikimalizika, ili ukuta ubaki wazi kipindi chote cha kaskazi, Januari na Februari, wakati unapokauka upesi. Mafundi wa nchi nyingi hukadiria mwezi mmoja kwa kila inchi ya unene. Kwa ukuta wa tofali wa inchi 6 hiyo ni nusu mwaka, na kwa ukuta wa matumbawe ni zaidi ya mwaka mmoja na nusu, na hilo ni pale maji yanapokuwa yamekwisha kuzuiwa. Anayepaka rangi wiki mbili baada ya kuziba bomba anapaka juu ya maji.

Mpangaji hawezi kugusa msingi wala paa, kwa hiyo atumie fedha yake kwenye vitu atakavyohama navyo, kama feni, kipima unyevu kidogo cha ukutani, mashine ya kukausha hewa ikiwezekana, na rafu za wazi badala ya makabati ya mbao za kubandikwa. Kabla hajalipa kodi ya miezi sita au mwaka, aende kuitazama nyumba mvua ikinyesha, avute kabati lolote lililoachwa ukutani, anuse ndani ya droo, na aiangalie kwa makini rangi mpya iliyoishia usawa wa kiuno wakati sehemu ya juu ya ukuta ni ya zamani.